Ufa na Ukuta

Wazee wetu walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hufundishwa tangu madarasa ya chini, na kila mwanafunzi anajua maana yake: kasoro ndogo isiporekebishwa mapema huzaa hasara kubwa. Hapana mtu mwenye akili atakayeikana. Lakini methali ni maneno machache na dunia ni pana, na yako maswali ambayo maneno machache hayakuyafikia. Je, ikiwa ufa ule ulikuwa na kazi yake? Je, ikiwa mtu aliuziba kwa nia njema, kisha ukuta ukaoza kwa sababu ya kuzibwa kwake? Ni nani wa kulaumiwa, na kwa kosa gani? Napenda tulifikiri jambo hili pamoja, msomaji. Na ili fikira zetu zisielee hewani, tutazifunga kwenye mambo yaliyotokea kweli. Mambo hayo ni ya unyevu uliozuka katika nyumba za Uingereza baada ya nyumba hizo kutengenezwa ili zihifadhi joto.

Uingereza ni nchi ya baridi na mvua. Kwa karibu nusu ya mwaka watu hupasha nyumba zao joto, na joto hilo hununuliwa kwa fedha. Tena nyumba nyingi za nchi hiyo ni kuukuu. Zile zilizojengwa kabla ya 1920 hivi aghalabu zina kuta nene za matofali yaliyoshikanishwa kwa chokaa, madirisha ya mbao yasiyofunga barabara, na dohani ya kutolea moshi katika vyumba vingi. Joto hupenya kuta hizo, hutoka kwa nyufa za madirisha, hupanda na dohani likaenda zake angani. Mwenye nyumba ya namna hiyo hununua joto kama mtu atekaye maji kwa mtungi uliotoboka.

Mwezi wa Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zitoazo mafuta zilikataa kuziuzia baadhi ya nchi mafuta yao, na mapema mwaka 1974 bei ya pipa ilikuwa imepanda kiasi cha mara nne. Tangu hapo nchi za baridi zilianza kuziba nyufa zao kwa bidii. Baadaye ikatokea sababu ya pili: wataalamu walionyesha kuwa moshi wa makaa, mafuta na gesi unaongeza joto la dunia nzima, na kwamba nyumba isiyopoteza joto huchoma kidogo. Sababu ya tatu ilikuwa ni huruma, kwa kuwa wako maskini na wazee ambao hukaa katika baridi kali kwa kukosa fedha za kununulia joto. Uyaweke haya moyoni, msomaji. Kisa chetu si kisa cha watu waliokusudia mabaya. Akiba, usalama wa dunia na huruma kwa maskini ni mambo mema yote matatu.

Kazi yenyewe ilifanywa kwa njia nyingi. Kuta zilivikwa tabaka nene la povu gumu au la pamba ya madini, kisha likapakwa lipu juu yake. Nyumba nyingine zilivikwa kwa nje, na nyingine kwa ndani. Pale ukuta ulipojengwa kwa safu mbili zenye nafasi katikati, nafasi ile ilijazwa. Madirisha yanayovuja upepo yalitolewa, yakatiwa mapya yanayofunga kabisa. Dohani zilizibwa. Nyumba iliyokuwa mtungi uliotoboka ikawa mtungi mzima.

Sasa tuitazame kazi ya ule ufa. Mtu akipumua hutoa mvuke. Akipika, akioga, akianika nguo ndani kwa sababu ya mvua ya nje, huongeza mvuke. Jamaa ya watu wanne huweza kutia katika hewa ya nyumba yao kadiri ya lita 10 za maji kwa siku moja, yaani nusu ya debe. Maji hayo hayaonekani, lakini yapo. Hewa yenye joto la digrii 20 za Selsiasi huweza kuchukua gramu 17 hivi za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Hewa hiyo ikipoa hadi digrii 10, haiwezi kuchukua zaidi ya gramu 9 na kitu. Zinazosalia hazina budi kutua mahali. Bila shaka umeliona jambo hili mwenyewe: bilauri ya maji ya barafu ikiwekwa mezani Mombasa au Kisumu, mara hufanya matone kwa nje. Maji yale hayakupenya kioo; yalikuwa hewani tangu awali, na ubaridi wa kioo ndio ulioyafichua.

Katika nyumba kuukuu mvuke ulitoka kwa njia zile zile zilizotoroshea joto. Dohani iliuvuta juu, na ufa wa dirisha uliubadilisha kwa hewa kavu ya nje. Ukuta wa matofali na chokaa nao ulikunywa mvua ilipokuwa ikinyesha, ukakauka upepo ulipovuma. Basi ufa ulikuwa mwizi wa joto, lakini pia ulikuwa mchukuzi wa maji. Aliyeuziba alimwona mwizi, na mchukuzi hakumwona.

Pale kazi ilipofanywa bila kuandaa njia nyingine ya hewa, mvuke ulinaswa ndani ukaanza kutafuta mahali pa baridi. Ulipata kona ya dari, pembe ya dirisha, ukuta ulio nyuma ya kabati, na kila sehemu ambayo tabaka lile halikuifikia. Katika nyumba zilizovikwa kwa ndani, ukuta wa matofali ulizidi kuwa baridi kuliko zamani, maana joto la chumba halikuufikia tena; mvuke uliopita katika maungio ukageuka maji kule nyuma, mahali pasipoonekana. Katika nyumba zilizovikwa kwa nje, fundi akiacha upenyo juu ya ukuta au kando ya dirisha, mvua iliingia nyuma ya tabaka isipate pa kutokea. Vazi lililokusudiwa kuwa koti likawa mfuko wa maji. Hata lipu ikabambuka, mbao zikaoza, na kuvu nyeusi ikaota. Kuvu hutoa chembe ndogo mno ambazo huelea hewani na kuingia mapafuni. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo ulioeleza kuwa watu wakaao katika majengo yenye unyevu na kuvu huzidi wengine kwa kupatwa na pumu na maradhi ya njia za pumzi.

Huenda ukadhani kuwa hayo yalitukia nyumba moja moja. La, sivyo. Katika mtaa wa Fishwick mjini Preston, mwaka 2013, nyumba zaidi ya 300 zilivikwa tabaka la nje kwa mpango wa kuwasaidia wenyeji. Baadaye nyingi kati ya hizo ziliingia maji, na wenye nyumba wakaishi miaka na kuta zilizolowa. Tena mwezi wa Oktoba 2025 ofisi ya ukaguzi wa hesabu za taifa la Uingereza ilitoa taarifa juu ya mipango miwili ya serikali ya aina hii. Wakaguzi walikadiria kuwa katika nyumba zilizovikwa kwa nje, asilimia 98 zilikuwa na kasoro kubwa zinazohitaji kurekebishwa, nazo ni nyumba kati ya 22,000 na 23,000. Katika zile zilizovikwa kwa ndani, wenye kasoro kama hizo walikuwa asilimia 29. Miongoni mwa sababu walizozitaja ni mafundi wasio na ujuzi wa kutosha, kazi kupokezanwa kutoka mkono hadi mkono, na uangalizi dhaifu.

Hapa ndipo swali letu linapoanza kuuma. Watu walitendewa wema, na wema ukawadhuru. Je, nia njema yatosha kumsafisha mtendaji?

Wako wasemao kuwa yatosha. Husema kuwa mtu hawezi kuhukumiwa ila kwa alilokusudia, maana matokeo yamo mikononi mwa Mungu. Neno hili lina ukweli ndani yake. Tabibu aliyefanya yote yampasayo, kisha mgonjwa akafa, hatumwiti muuaji. Lakini yafaa tutenge aina mbili za kutojua. Iko kutojua ya mtu ambaye hangeweza kujua, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa halijajulikana na mtu yeyote. Hiyo husamehewa. Iko na kutojua ya mtu ambaye angeweza kujua kama angaliuliza, wala hakuuliza, kwa kuwa kuuliza kungemchelewesha, au kungempunguzia faida, au kungemvunjia heshima mbele ya wenzake. Hiyo ni uvivu uliovaa kanzu ya ujinga, na kanzu ikivuliwa kosa huonekana.

Je, mafundi wa habari yetu walikuwa katika aina gani? Mwaka 1977, katika mji wa Regina nchini Kanada, ambako baridi ya majira ya kipupwe huweza kushuka chini ya digrii 30 za kuganda, ilijengwa nyumba ya majaribio iliyozibwa barabara kabisa. Waliokuwa wakiijenga walijua kuwa nyumba iliyozibwa hivyo haitaweza kupumua yenyewe. Basi wakaitilia kifaa cha kubadilishana joto. Hewa chafu yenye mvuke ilitoka kwa njia moja, na hewa safi ikaingia kwa njia nyingine, zote mbili zikipita ubavu kwa ubavu huku zimetengwa kwa utando mwembamba, hata ile inayotoka ikaipasha joto ile inayoingia. Mwizi alifungiwa nje, na mchukuzi akapewa mlango wake. Jambo hilo lilikuwa limekwisha kufanyika na kuandikwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kuta za Preston kulowa. Aliyefunga nyumba bila kuipa pumzi baada ya hapo hawezi kusema kuwa elimu haikuwako. Elimu ilikuwako, aliyekosekana ni muulizaji.

Liko kosa la pili, nalo laweza kuwa kubwa kuliko la kwanza. Unyevu ulipotokea, aghalabu wa kwanza kulaumiwa alikuwa ni mkazi mwenyewe. Aliambiwa kuwa anapika mno, anaoga mno, anaanika nguo ndani, hafungui madirisha. Utaona, msomaji, jinsi lawama ipendavyo kuteremka kama maji kwenda kwa aliye chini. Ni kweli kwamba mvuke hutokana na wakazi. Lakini mtu kupika, kuoga na kupumua si maovu, ni kuishi. Nyumba isiyoweza kuvumilia watu kuishi ndani yake ndiyo yenye ila.

Madhara ya kosa hili yalidhihirika katika mji wa Rochdale. Mwezi wa Desemba 2020 mtoto wa huko aitwaye Awaab Ishak alikufa, akiwa amezidi miaka miwili kwa siku chache tu. Nyumba yao, iliyokuwa ya kupanga, haikupata shida hiyo kwa kuvikwa tabaka la joto kama zile za Preston; lakini asili ya ubaya ilikuwa ni ile ile, mvuke usio na njia ya kutosha ya kutoka. Tangu 2017 baba yake alikuwa amepeleka malalamiko juu ya kuvu, naye akaambiwa aipake rangi. Mwezi wa Novemba 2022 uchunguzi rasmi wa kifo uliamua kuwa mtoto aliuawa na maradhi makali ya njia za pumzi yaliyoletwa na kukaa muda mrefu katika kuvu ya nyumba yao. Wenye nyumba walikiri baadaye kuwa walikuwa wamedhania mambo juu ya mwenendo wa maisha ya jamaa ile, na kwamba dhana hiyo ilikuwa makosa. Angalia neno hilo: walidhania. Hawakupima hewa wakaamua. Waliwatazama watu wakaamua. Kutokana na kifo hicho ilitungwa sheria iitwayo kwa jina la mtoto huyo, na kuanzia tarehe 27 Oktoba 2025 wenye nyumba za kijamii katika Uingereza hulazimishwa kushughulikia hatari za dharura kwa muda wa saa 24, na kuchunguza unyevu na kuvu yenye hatari kwa siku 10 za kazi. Sheria ilikuja, lakini ilikuja nyuma ya jeneza.

Iko methali nyingine ambayo huenda mtu akaitumia kujitetea. Husemwa: tenda wema nenda zako. Mafundi wale walitenda, wakaenda zao. Lakini methali hii imedhulumiwa na wanaoisoma juu juu. Inatukataza tusingoje shukrani. Haikutukataza kungoja tuone kama wema wetu umefika. Mtu aliyempa mgonjwa dawa hana haja ya kurudi kesho kudai asante, lakini ana wajibu wa kurudi kesho kuuliza kama homa imeshuka. Wema ambao mtendaji wake hayuko tayari kuulizwa habari zake baada ya mwaka mmoja unafanana na deni lililotupiwa mtu mwingine alilipe. Mvua haiingii nyuma ya tabaka siku ya kupiga picha na kukabidhi funguo. Huingia polepole, mafundi wakiwa wamekwisha kulipwa.

Sasa sikiliza upande wa pili, maana hukumu isiyosikiliza pande mbili si hukumu. Mtu aweza kusema: ikiwa kuziba kunaleta hatari hizi, heri kuacha nyumba kama zilivyo. Hoja hii nayo ina ila. Baridi pia huua. Nyumba isiyopashwa joto huwadhuru wazee na wagonjwa wa moyo na mapafu. Tena nyumba ya baridi nayo huota kuvu, kwa sababu kuta zake zote ni kama ile bilauri ya maji ya barafu. Tabaka likiwekwa vizuri, uso wa ukuta kwa ndani hupata joto, mvuke hautui, na kuvu hukosa makao. Kwa hivyo dawa ya wema uliofanywa nusu si kuacha wema, bali ni kuutimiza. Aliyeziba ufa na akaandaa tundu la hewa, akatia kipeperushi jikoni na chooni, akahakikisha mlizamu wa mvua hauvuji na ukuta umekauka kabla ya kuvikwa, huyo ametenda jambo moja kamili. Aliyefanya la kwanza akayaacha mengine ameanza tu.

Usidhani, msomaji, kuwa mambo haya ni ya ng'ambo peke yake. Katika nyanda zetu za juu, pande za Limuru au Nyandarua, baridi ya mwezi wa Julai humfanya mtu aingize jiko la makaa chumbani, afunge dirisha, azibe kwa kitambaa upenyo ulio chini ya mlango, ili watoto wapate joto. Nia yake ni ya mzazi mwema. Lakini makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na upenyo ule ulikuwa ndiyo njia yake ya kutokea. Wengine wamelala wasiamke. Kati ya chumba hicho na nyumba za Uingereza hitilafu ni ya muda: huko madhara hujivuta kwa miaka, na hapa huja kwa usiku mmoja.

Nawe kesho utakuwa mtengenezaji wa mambo. Huenda ukawa fundi, mwalimu, karani, daktari, diwani au mzazi. Utakuta nyufa nyingi: desturi inayoonekana kupoteza wakati, sheria inayoonekana kuchelewesha kazi, mzee katika ofisi ambaye hujui anafanya nini. Mkono wako utawasha kutaka kuziba. Pengine utakuwa na haki. Lakini kabla hujachukua mwiko na udongo, simama uulize mambo matatu. Ufa huu unapoteza nini? Ufa huu unapitisha nini? Na nikiuziba, kile kinachopita hapa kitapita wapi? Swali la kwanza kila mtu hulijua, kwa maana hasara hupiga kelele. La pili na la tatu huhitaji unyenyekevu, kwa kuwa mara nyingi jibu lake analo mtu mdogo ambaye hakuna amwulizaye: mpishi anayejua mvuke unatua wapi, au mama anayesikia kifua cha mtoto wake usiku.

Methali ya wazee ingali kweli, na hatuna haja ya kuibadilisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tulilojifunza ni kwamba ukiuziba bila kujua kazi yake, utaujenga ukuta vile vile, na pengine mtu mwingine atakuwa ameumia kabla hujaanza.